Sheria iliyowakinga wenye kura

Machi 13, 2024, wabunge 523 wa Bunge la Ulaya walisema ndiyo, 46 wakasema hapana na 49 hawakuegemea upande wowote. Ikapita sheria ya kwanza duniani iliyojaribu kudhibiti akili mnemba kwa upana wake wote. Wiki nne baadaye, Aprili 10, bunge hilohilo likapitisha mkataba mpya wa uhamiaji na hifadhi. Ndani yake mna kanuni inayotaka alama za vidole na picha za sura za watoto wa wakimbizi kuanzia umri wa miaka sita. Zamani ilikuwa kuanzia miaka 14. Miezi miwili haijatimia, kuanzia Juni 6 hadi 9, wananchi wa nchi 27 wakaenda vituoni kuchagua wabunge 720.

Wengi waliyaandika matukio haya kama habari tatu mbalimbali. Kwangu mimi ni habari moja, na inatuhusu sisi huku kuliko tunavyodhani.

Turudi nyuma kidogo. Tume ya Ulaya iliwasilisha rasimu ya sheria hiyo Aprili 2021, kabla ChatGPT haijajulikana na mtu yeyote. Juni 2023 Bunge likatoa msimamo wake, na ulikuwa msimamo wa kijasiri. Lilitaka ipigwe marufuku kabisa teknolojia ya kutambua sura za watu papo hapo katika maeneo ya wazi. Lilitaka pia zikatazwe mashine zinazodai kusoma hisia za mtu usoni, na likataja mahali pa kuzikataza: kazini, shuleni, mikononi mwa polisi na mpakani.

Desemba mwaka huo wajumbe wa Bunge, wa serikali na wa Tume walikutana Brussels kumaliza mabishano. Kikao cha kwanza kilikwenda saa 22 mfululizo. Walipotoka usiku wa Desemba 8, kazini na shuleni palibaki kwenye orodha ya marufuku. Polisi na mpakani palikuwa pameondolewa.

Kwa nini? Kalenda ya uchaguzi ndiyo iliyoamua. Hispania, iliyokuwa mwenyekiti wa Baraza la Umoja wa Ulaya, ilikuwa inamaliza zamu yake mwisho wa mwezi. Mbele kulikuwa na uchaguzi wa Juni, na baada yake uenyekiti ungefika mikononi mwa Hungary. Muswada ambao ungekwama ungelisubiri Bunge jipya, na hakuna aliyejua Bunge hilo lingekuwa la nani. Wajumbe wa Bunge, Brando Benifei wa Italia na Dragoș Tudorache wa Romania, walikuwa na haraka. Serikali zililijua hilo na zikakaza.

Na zilikuwa na hofu yao. Novemba 22, wiki mbili tu kabla ya kikao hicho, chama cha Geert Wilders kilikuwa kimeongoza uchaguzi wa Uholanzi kwa kuwapinga wahamiaji. Italia ilikwisha kuwa chini ya Giorgia Meloni tangu Oktoba 2022. Katika hali hiyo ni waziri gani angerudi nyumbani kuwaambia wapiga kura kwamba amekubali kuwafunga mikono walinzi wa mpaka? Yale mabishano mengine, ya Ufaransa, Ujerumani na Italia kutaka kampuni zinazounda mifumo mikubwa zijisimamie zenyewe, yaliandikwa sana. Sitayarudia. Suala la mpaka ndilo lililopita kimya kimya.

Tazama matokeo yake. Mfanyakazi wa kiwanda mjini München analindwa: mwajiri wake hawezi kumwekea mashine ya kuchungua kama ana hasira au huzuni. Mwanamke aliyekimbia vita Sudan, akiketi mbele ya ofisa wa mpakani, marufuku hiyo haimfikii. Mashine ya kupima uongo wake, au ya kukadiria kama yeye ni hatari, imewekwa katika kundi la “hatari kubwa”. Maana yake ni kwamba inaruhusiwa, ila kwa masharti. Na hizi si ndoto za mbali. Kati ya 2016 na 2019 Umoja wa Ulaya wenyewe uligharimia mradi wa iBorderCtrl, uliojaribu kung'amua uongo wa wasafiri kwa kuchunguza nyuso zao, na majaribio yakafanyika Hungary, Ugiriki na Latvia.

Masharti yenyewe yana matundu. Kifungu cha 49 kinataka mifumo ya hatari kubwa isajiliwe katika kanzidata ambayo umma unaweza kuisoma. Ile ya polisi, ya uhamiaji na ya mipakani inasajiliwa katika sehemu iliyofungwa. Kwa hiyo mwandishi wa habari hawezi kuiona. Wakili wa mkimbizi naye hawezi.

Kifungu cha 111 kinagusa hata watu ambao hawajawahi kupanda mashua. Kinasema mifumo mikubwa ya taarifa ya Ulaya, ukiwemo ule wa viza, ikiwa itaanza kazi kabla ya Agosti 2, 2027, ina muda hadi mwisho wa 2030 kutimiza matakwa ya sheria. Msomaji, kama katika miaka ya karibuni uliomba viza ya Schengen ukiwa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, ukabandika vidole vyako kumi kwenye kile kioo na kupigwa picha, taarifa zako ziliingia katika mfumo huo.

Nakubali kwamba sheria hii ina mema mengi. Imekataza kuwapanga raia kwa alama za tabia, na imekataza kampuni kuvuna ovyo picha za sura kutoka intaneti. Faini inaweza kufika euro milioni 35 au asilimia 7 ya mapato ya kampuni ya dunia nzima. Nakubali pia kwamba kila nchi ina haki ya kujua nani anaingia kwake. Lakini haki ya kulinda mpaka haimpi mtu ruhusa ya kumhukumu binadamu kwa mashine ambayo sheria yako mwenyewe imeona haifai kutumiwa kwa mfanyakazi wako.

Na njia nyingine ilikuwepo. Katika kisiwa cha Samos, Ugiriki, Septemba 2021 ilifunguliwa kambi mpya ya waomba hifadhi kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Ina uzio wa nyaya na milango inayofunguka kwa alama za vidole. Kuna mfumo uitwao Centaur, wa kamera zenye programu ya kuchambua mienendo ya watu, na picha zake zinaonekana wizarani Athens. Aprili 2024, mwezi uleule wa mkataba wa uhamiaji, mamlaka ya Ugiriki ya kulinda taarifa binafsi iliitoza Wizara ya Uhamiaji faini ya euro 175,000 kwa kasoro za mifumo ya kambi hizo. Ilitumia sheria ya zamani, ile ya taarifa binafsi ya 2016, ambayo haiulizi kama mwenye taarifa ni raia au mgeni. Sheria isiyobagua iliingia hadi kambini.

Aliyedhani matundu haya yatawaumiza wageni peke yao aitazame Hungary. Machi 2025 bunge lake lilipitisha sheria inayowaruhusu polisi kutumia teknolojia ya kutambua sura kuwasaka wanaohudhuria mikusanyiko iliyopigwa marufuku, yakiwemo maandamano ya wapenzi wa jinsia moja mjini Budapest. Hao ni raia, wenye kura. Kisha Novemba 19, 2025 Tume ya Ulaya ikapendekeza masharti ya mifumo ya hatari kubwa, yaliyopangwa kuanza Agosti 2026, yasogezwe hadi Desemba 2027.

Ninayaandika haya kwa sababu tuna desturi ya kuchukua sheria za Ulaya. Sheria ya Kenya ya taarifa binafsi ya 2019 ilifuata sana ile ya Ulaya, na ya Tanzania ya 2022 imepita njia hiyohiyo. Zamu ya akili mnemba inakuja. Nasi tuna watu wasiopiga kura: wakimbizi wa Kakuma, Dadaab na Nyarugusu, ambao vidole vyao viko kwenye kompyuta tayari. Garissa kuna Wakenya halisi waliokosa vitambulisho kwa miaka mingi kwa sababu alama zao zilionekana katika orodha ya wakimbizi.

Waheshimiwa wabunge wa Nairobi na Dodoma, rasimu hiyo itakapofika mezani kwenu, tafuteni kwanza vifungu vinavyohusu mpaka, polisi na kambi. Mkikuta vimeandikwa kama cha 49 na cha 111 vya Ulaya, virudisheni.