Kazi ya Leta ni Ufundi, Si Zawadi



Mgodini kuna sheria moja ambayo hata mtoto wa kambi anaijua. Hakuna mtu anayepewa baruti kwa sababu yeye ni mwana wa shangazi ya kapita. Kwanza anajifunza, kisha anapimwa, kisha anatumika chini ya macho ya fundi mzee, na mwisho anapewa karatasi inayosema kwamba anaweza. Sheria hiyo tunaikubali bila kunung'unika, kwani tunajua akikosea hatakufa peke yake.

Sasa nauliza: kwa nini hatudai sheria hiyo hiyo katika biro za Leta? Karani wa komini naye ana baruti mkononi. Akipoteza daftari la viwanja, jamaa mbili zinapigania kiwanja kimoja mpaka damu. Akila fedha ya dawa, mgonjwa anakufa. Lakini siku tunaposikia ndugu yetu amepata cheo, hatuulizi kama amejifunza kazi hiyo. Tunasema: "Zamu yetu ya kula imefika."

Ugonjwa huu una mizizi yake. Zamani za Wabeleji, vyeo vya juu vya Leta viligawanywa kwa rangi ya ngozi. Mweusi mwenye akili aliandika barua, alitunza hesabu, alimwonyesha kijana mzungu aliyefika jana namna ya kazi, na kesho yake kijana yule akawa mkubwa wake. Joseph Kasa-Vubu alikuwa karani katika mambo ya fedha. Patrice Lumumba alikuwa karani wa posta Stanleyville. APIC, chama cha watumikaji weusi wa Leta kilichoanza mwaka 1946, kilidai mshahara sawa kwa kazi sawa, na madai yale yalikuwa ya haki. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, katika vyeo zaidi ya 4,600 vya ngazi tatu za juu, Wakongomani walikuwa watatu tu.

Mwezi Julai askari wakaasi, na Wabeleji wengi wa Leta wakarudi kwao. Makarani wakawa wakurugenzi kwa siku chache. Tusiwacheke wazee wale. Wengi wao walibaki mezani, wakafungua biro kila asubuhi, na inchi haikukosa kabisa mtu wa kuandika. Mwaka 1961 shule ya sheria na utawala, ENDA, ilifunguliwa Léopoldville ili watoto wa inchi wajifunze kazi hii sawasawa. Njia ilikuwa imeonekana.

Lakini tuliiacha. Pahali pa rangi ya ngozi tuliweka chama na kabila. Chama cha MPR kilichoundwa mwaka 1967 kikawa juu ya Serikali yenyewe, na kusifu mkubwa kukawa na faida kupita kujua kazi. Kisha miaka ya 1990 fedha ikaoza, mshahara wa mwezi haukutosha kununua gunia la unga, na mtumikaji wa Leta akaachwa ajitafutie. Nasi wa Katanga tulionja vibaya zaidi matunda ya kugawa kazi kwa kabila: mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, pamoja na mafundi waliozaliwa papa hapa. Je, mwenye kubaki alitajirika? Hapana. Migodi yenyewe ilizidi kuanguka.

Wengine watanijibu kwa methali tunayoijua wote: mbuzi hula pale alipofungwa. Haya, tuiangalie methali hiyo vizuri. Nani alimfunga mbuzi, na kwa kamba fupi namna gani? Mtu asiyelipwa miezi mingi, au anayelipwa fedha isiyofika katikati ya mwezi, atauza sahihi yake. Si ajabu. Lakini majani anayokula si ya Leta. Ni ya mama anayeuza mihogo sokoni, ni ya mchimbaji anayetafuta karatasi ya mtoto wake. Sheria ya mwaka 2009 ya kulinda mtoto inasema kuandikisha mtoto ndani ya siku 90 ni bure. Nani kati yetu hajasikia mahali watu wanapolipishwa kwa jambo hilo?

Kwa hiyo ninasema mambo mawili pamoja, na moja bila lingine ni uongo. Mtumikaji wa Leta alipwe kama fundi. Na mtumikaji wa Leta apimwe kama fundi.

Sheria si mpya. Ile ya tarehe 15 Julai 2016 juu ya watumikaji wa Leta inataka watu waingie kwa mtihani ulio wazi kwa wote. Mwaka 2013 Serikali iliunda shule ya utawala, ENA. Toka mwaka 2011 mishahara ilianza kupitishwa benki, kwa sababu fedha iliyopita mikono mingi ilikuwa inakonda njiani. Hayo ni mazuri. Kinachokosekana ni watu wa kudai yafuatwe kila mahali, hata katika komini ndogo.

Tudai basi mambo matatu. Mtihani, na majina ya walioshinda yabandikwe mlangoni watu wote wayasome. Mshahara unaofika tarehe yake. Na pensheni ya kweli, kwani mzee asiye na pensheni hawezi kuacha kiti, na kijana aliyesoma anamngojea nje mpaka naye anaota mvi.

Lakini kudai hakutoshi kama sisi wenyewe tunaharibu. Ndugu yako akipata cheo, usiende kwake usiku kumwombea kazi mtoto aliyeanguka mtihani. Ukiombwa fedha mahali sheria inaposema bure, uliza risiti, na uulize kwa sauti ili wengine katika mstari wasikie. Mtu mmoja akiuliza, anaitwa mkorofi. Watu hamsini wakiuliza, karani anafungua daftari na kuandika.

Mimi ni karani wa mgodi. Najua tamaa inayokaa karibu na daftari: tarakimu moja ikibadilishwa, mtu ananenepa na mwingine analala njaa. Kinachomzuia karani si woga wa mkubwa tu. Ni heshima ya kazi aliyojifunza, na mshahara unaomtosha kulisha watoto wake. Tukiwapa watumikaji wa Leta vitu hivyo viwili, tutakuwa na haki ya kuwahukumu bila huruma wale watakaoiba bado.