Lipu ya Matangi na Mabwawa Kyela: Kalenda ya Fedha Yapishana na Kalenda ya Mvua

Kata ya Ikolo, wilayani Kyela, mkoani Mbeya, ipo katika uwanda tambarare unaoshuka taratibu hadi Ziwa Nyasa. Wilaya hiyo hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na kilele chake ni kati ya Machi na Mei. Katika miezi hiyo anayechimba shimo uwandani hukutana na maji kabla hajafika mbali. Hali hiyo huufanya ukarabati wa tangi lililochimbiwa ardhini, au wa bwawa la kuogelea la nyumba ya wageni ufukweni, kuwa suala la majira kabla ya kuwa suala la fundi.

Ili lipu mpya ipigwe, tangi au bwawa lazima litolewe maji yote. Hapo ndipo hatari ilipo. Maji ya ardhini yakisimama mita moja juu ya kitako cha tangi, hukisukuma kitako hicho kwenda juu kwa nguvu ya tani moja kwa kila mita ya mraba. Sakafu ya zege yenye unene wa sentimita 15 ina uzito wa takriban kilo 360 kwa eneo hilo hilo. Uzito wa kuta husaidia, lakini mara nyingi hautoshi. Bwawa lenye sakafu ya mita 10 kwa 5 husukumwa na tani 50, ilhali sakafu yake ina tani 18 tu. Matokeo yake ni sakafu kupasuka, au bwawa zima kunyanyuka, na kazi iliyokusudiwa kuwa ya lipu hugeuka kuwa ya kujenga upya.

Mwaka wa fedha wa Serikali hufungwa Juni 30. Shinikizo la kukamilisha kazi kabla ya tarehe hiyo huangukia robo ya mwisho, yaani Aprili hadi Juni, kipindi ambacho Kyela imelowa kuliko wakati mwingine wowote. Kipindi kinachofaa, Agosti hadi Oktoba, kipo mwanzoni mwa mwaka mpya wa fedha, ambapo taratibu nyingi za ununuzi ndiyo kwanza zinaanza. Kazi ya tangi ikiingizwa mapema katika mpango wa ununuzi na katika mfumo wa NeST, fundi anaweza kupatikana ardhi ikiwa imekauka. Vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, vinavyosimamiwa na Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA) chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka 2019, vina nafasi nzuri zaidi, kwa kuwa fedha za mauzo ya maji zinaweza kuwekwa akiba hadi kiangazi.

Kuahirisha nako kuna gharama. Ufa haupitishi maji upande mmoja tu: tangi likipungua wakati wa masika, maji ya nje huingia ndani, na katika uwanda huu maji hayo hupita jirani na vyoo vya shimo. Kyela inakifahamu kipindupindu.

Kazi yenyewe haina siri. Lipu ya zamani hugongwa kwa nyundo, na panapolia utupu hubanduliwa. Zege hukwaruzwa, huoshwa na kuloweshwa, kisha hupigwa lipu ya mfuko mmoja wa saruji kwa mitatu ya mchanga, iliyochanganywa na dawa ya kuzuia maji, kwa matabaka mawili, na kumaliziwa kwa niru. Mchanga wa mtoni uoshwe kwanza. Kiasi chake kikitikiswa na maji ndani ya chupa na kuachwa kitulie, tabaka nene la tope juu yake ni sababu tosha ya kuurudisha. Lipu huwekwa unyevu kwa siku zisizopungua 7, hatua ambayo hurukwa kwa urahisi kwa sababu haionekani katika picha za makabidhiano.

Pale ambapo dharura hailazi, mfano tangi la zahanati linapovuja Aprili, shimo huchimbwa pembeni, chini ya usawa wa kitako, na pampu huvuta maji humo usiku na mchana hadi lipu ikomae na tangi lijazwe tena. Gharama ya mafuta ya pampu hiyo inapaswa kuonekana kwenye makadirio tangu mwanzo.