Usiniambie Nitafute Muda

Kuna wosia ambao mtu wa Nairobi husomewa kila Januari na kila Jumatatu atakayokubali kusikiliza. Amka saa kumi alfajiri. Kunywa maji ya uvuguvugu na ndimu. Kimbia, ruka kamba, beba vyuma. Jumapili pika chakula cha wiki nzima, ukipange kwenye friji. Ukijitetea kwamba huna muda, unajibiwa kwamba hata rais ana saa 24 tu kwa siku, kwa hivyo acha visingizio.

Wosia huu umerudiwa hadi umegeuka hekima. Nasema ni uongo, tena unaowafaidi wachache: wanaouza uanachama wa jimu, wanaouza unga wa protini, na wale waliopaswa kututengenezea barabara.

Tuanze na hesabu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na siku 2 za kazi ya misuli. Mwendo wa wastani ni kutembea haraka kiasi kwamba unahema, lakini bado unaweza kupiga gumzo. Si lazima dakika hizo zifuatane. Zamani tuliambiwa mwendo usiofika dakika 10 mfululizo hauhesabiki, lakini sharti hilo limeondolewa. Gawanya 150 kwa siku 5 za kazi, unapata dakika 30. Robo saa ukienda, robo saa ukirudi. Basi. Hakuna mahali mwongozo huo unapotaja saa kumi alfajiri.

Sasa simama pale James Gichuru inapokutana na Waiyaki Way, asubuhi mapema. Tazama watu wanaotoka Kangemi na Kawangware kwa miguu wakielekea Muthangari, Lavington na Kileleshwa. Kuna askari wa lango anayekwenda kumpokea mwenzake wa usiku, yaya, fundi wa mbao, mama wa kufua. Wengi wao wamemaliza dakika zao 30 kabla tajiri wao hajatoka kitandani. Kwa muda mrefu takwimu za usafiri zimeonyesha kwamba takriban safari 4 kati ya 10 jijini Nairobi hufanywa kwa miguu. Hawa ndio wanamazoezi wa jiji hili, lakini ni nani amewahi kuwaita hivyo?

Mwaka 2018, watafiti wa Shirika la Afya Duniani walilinganisha nchi 168 kuona wapi watu hawafikii kiwango cha mwendo kinachotakiwa. Majirani zetu Waganda walikuwa miongoni mwa waliofanya vizuri zaidi duniani. Ni kama asilimia 5.5 tu ya watu wazima huko ambao hawakufikia kiwango. Kuwait ilipita asilimia 60. Hebu niambie, Waganda wana jimu ngapi kuliko Kuwait? Nguvu hizo zilitoka shambani, kisimani na njiani.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikuwa anaketi siku nzima. Kondakta alikuwa anapanda na kushuka ngazi akikusanya nauli. Makondakta walionekana kuugua maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva. Vilevile waliotembeza barua walikuwa na afadhali kuliko makarani wa posta waliokaa mezani. Kondakta hakuwa na nidhamu kuliko dereva, wala hakuna aliyemwambia atafute muda. Ngazi zilikuwa sehemu ya kazi yake. Ukitaka kujua mwili wa mtu utakuwaje, usianze kumhukumu tabia. Uliza kazi yake imepangwaje na njia yake iko vipi.

Sasa tuje kwa yule anayeitwa "mtu mwenye shughuli nyingi". Anaishi fleti ya ghorofa ya 7 hapa Muthangari, anafanya kazi Westlands, na jioni anaendesha gari kilomita 2 kwenda jimu ili atembee juu ya mashine isiyokwenda popote. Ni rahisi kumcheka. Lakini mwulize kwa nini hatembei nje, atakujibu vizuri sana. Kando ya barabara kuna mtaro ulio wazi, halafu lundo la mchanga wa mjengo, halafu gari limeegeshwa pale pale pa kupita. Boda inakuja nyuma yako juu ya hicho kijinjia. Mvua ikinyesha ni matope. Kukiingia giza, mwanamke anapiga hesabu nyingine kabisa, na hiyo si ya kalori. Huyu si mvivu. Amefukuzwa barabarani.

Wanaobaki barabarani ni wale wasio na njia nyingine, na wanalipa kwa damu. Kila mwaka zaidi ya thuluthi moja ya wanaouawa kwenye barabara za Kenya huwa ni watembea kwa miguu. Kwa hivyo usiniambie kutembea ni bure.

Na pesa zipo. Mwaka 2022 tulifunguliwa barabara ya kulipia ya kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi papa hapa James Gichuru. Ina nguzo na taa, na mtembea kwa miguu haruhusiwi kukanyaga juu yake. Ilhali tangu 2015 Kaunti ya Nairobi ina sera ya usafiri usiotumia injini, inayotaka asilimia 20 ya bajeti ya usafiri iende kwa wanaotembea na waendesha baiskeli. Shika sera hiyo mkononi utembee nayo Gitanga Road, uone mnakutana wapi.

Najua nitaambiwa mwili ni wako, usisubiri serikali. Sawa, nusu ya hilo ni kweli. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta karibu mtu mzima 1 kati ya 4 Kenya ana shinikizo la juu la damu, na shinikizo haliumi hadi siku linapokuangusha. Kapimwe wiki hii. Punguza chumvi. Sukuma, managu, maharagwe na ndizi za mama mboga vinatosha kabisa, huhitaji mbegu zilizosafirishwa kwa ndege. Lifti waachie wagonjwa, wazee na wenye mizigo. Shuka steji moja kabla ya yako, mahali penye usalama. Mtungi wa lita 20 ni chuma tosha, na ukuta wa nyumba unatosha kwa kujisukuma mara 15. Hayo unaweza kuyaanza leo bila kulipa mtu.

Lakini huwezi kumpa askari wa lango ushauri huohuo. Yeye ametembea, kisha akasimama saa 12. Hahitaji kuruka kamba, anahitaji kiti, usingizi na mshahara unaomtosha kula vizuri. Mwajiri anayelipia mameneja wake jimu na kumnyima bawabu kiti asijisifu kwamba anajali afya ya wafanyakazi. Wa ofisini naye anahitaji mkubwa wa kazi asiyempigia simu saa tatu usiku, kwa sababu usingizi nao ni afya.

Nusu ya pili ni hii: wewe uliyefukuzwa barabarani na yule anayehatarisha maisha yake pale mnadai kitu kimoja. Mmoja ana sauti inayosikika ofisini na mwingine ana miguu inayojua kila shimo. Kaunti inapoita umma kutoa maoni kuhusu bajeti, ukumbi huwa na viti vitupu. Nendeni. Chama cha wakazi wa mtaa kinachojua kuandika barua tatu kwa wiki kuhusu kelele za baa kiandike moja kuhusu njia ya miguu. Mwulizeni MCA swali moja tu, na msitoke bila jibu la nambari: mwaka huu wadi yetu itapata mita ngapi za njia ya watembea kwa miguu, iliyofunikwa mtaro na yenye taa?

Muda wetu tunao, ni ule tunaotumia kila siku kwenda kazini na kurudi. Tupewe mahali salama pa kuutembelea.