Tahadhari: Kabla Bomba la Hewa ya Ukaa Halijapita Shambani Kwako

Ukiletewa karatasi ya kuruhusu bomba la hewa ya ukaa lipite shambani kwako, usitie saini kwanza. Soma yaliyowapata watu wa Satartia.

Satartia ni kijiji kidogo cha Mississippi, Marekani. Jioni ya Februari 22, 2020, baada ya mvua kubwa, mteremko uliporomoka na bomba likapasuka. Hewa ya ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo ilishuka na kutanda mabondeni. Magari yalizimika njiani, maana injini haiwaki pasipo oksijeni, na waliokuwa wakikimbia wakanaswa humohumo. Waokoaji waliwakuta watu wamezirai ndani ya magari, povu likiwatoka mdomoni. Watu wapatao 200 walihamishwa na 45 wakafikishwa hospitali. Hakuna aliyekufa, ila uchunguzi wa serikali ulibaini kwamba mwenye bomba hakuwa amewaarifu wazimamoto wa eneo hilo.

Gesi ile ilikuwa ya kusukuma mafuta visimani, haikuwa ile inayonaswa kiwandani ili isipande angani. Lakini hata inayonaswa kiwandani husafirishwa kwa mabomba ya namna hiyohiyo, yenye shinikizo kubwa.

Watu wa Goma, Kongo, wanaijua hatari hii bila kufundishwa. Mazuku, yale mabonde madogo kwenye miamba ya volkano ambamo gesi hii hutuama usiku, yameua mbuzi na yameua watu. Kule Kamerun, Ziwa Nyos liliitoa kwa wingi usiku wa Agosti 21, 1986, wakafa watu wapatao 1,700.

Nawaandikia hasa ndugu zetu Wakongomani na Warundi walioko Iowa, kwa sababu jimbo hilo limo katika mpango wa kutandika maelfu ya kilomita za mabomba ya gesi hii kutoka viwanda vya ethanoli. Jirani zao wa South Dakota walipitisha sheria Machi 2025 kuzuia ardhi ya watu isitwaliwe kwa nguvu kwa kazi hiyo. Kenya nako, karibu na Gilgil, wameanza kujaribu kuinasa hewa ya ukaa kutoka angani. Jaribio bado ni dogo, na wakati wa kuuliza maswali ni huu.

Viwanda vya saruji vikitaka kuinasa navielewa, kwani mawe ya chokaa yenyewe yakichomwa hutoa gesi hii. Kwa mitambo ya umeme sioni sababu, maana kuna umeme wa jua. Jua linahitaji ardhi kubwa na betri za usiku, ni kweli, lakini paneli ya kituo cha sola cha Garissa, Kenya, ikipasuka hakuna familia inayokosa pumzi.

Kama bomba limeshapita kwenu, dai king'ora, vipima gesi majumbani, na mitungi ya hewa kwa wazimamoto. Gesi hii ikiwa safi haina rangi wala harufu. Ukiona kichwa kinauma ghafla, unahema mbio, unalegea, au gari linazimika bila sababu, toka kwa miguu upande wa mwinuko, ukielekea upepo unakotoka. Usishuke bondeni. Usirudi kumwokoa mtu bila mtungi wa hewa, hata akiwa mwanao. Mwite mwenye mtungi, maana ukianguka humo watakuwa wawili wa kubebwa.