Nani kakwambia kompyuta yako imekufa?

Nimekuwa kimya muda mrefu, najua. Wengine mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu au nimepata kazi serikalini. Hapana jamani. Nilikuwa na hasira tu, na mtu akiwa na hasira ni afadhali asiguse kibodi. Sasa imepoa. Siyo yote, lakini inatosha kuandika. Leo nimekuja kugombana, na nitaanza na mimi mwenyewe.

Oktoba 2025 gazeti ninaloliandikia lilitaka habari fupi kuhusu Windows 10. Microsoft walikuwa wanaacha kuihudumia tarehe 14 ya mwezi ule. Nikafanya tunachofanya siku zote kwenye kurasa za teknolojia: nikachukua taarifa ya kampuni, nikaitafsiri, nikapachika maneno mawili ya mtaalamu, nikaandika kuwa kompyuta za zamani "zimefikia mwisho". Dakika arobaini, kazi imekwisha. Mhariri akanisifu. Sikutaja hata kwa mstari mmoja kwamba kulikuwa na nyongeza ya mwaka mmoja kwa wanaojiandikisha, wala kwamba kuna mifumo mingine ya bure ambayo haina habari na tarehe za Microsoft.

Sasa, jirani na ninapokaa hapa Sinza kuna mama mwenye steshenari. Anachapa kazi za wanachuo, anatoa fotokopi, anapiga laminesheni vyeti. Alikuwa na kompyuta mbili za mezani. Alisoma habari yangu, akanitambua kwa jina, akaiamini zaidi kwa sababu ananijua. Wiki hiyo hiyo moja ikaenda na mnunuzi wa vyuma chakavu kwa bei ambayo naona aibu kuiandika. Ya pili hakuna aliyeitaka. Akakopa kwenye kikoba, akanunua laptopu.

Nilikuja kujua baadaye, nilipokwenda kuchapa barua. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Yaani ulitusaidia kweli kutuambia mapema." Halafu akanionyesha ile ya pili, imekaa chini ya meza, juu yake kuna ndoo. "Chukua basi, labda utapata vipuri."

Niliibeba kwa bodaboda. Usiku ule nikaifungua, na hapo ndipo hasira ilipoanza.

Ndani kulikuwa na prosesa ya Intel Core 2 Quad Q6600. Kwa wasioijua: hii ni prosesa ya Januari 2007, yenye kokwa nne, kasi yake gigahezi 2.4. Ilipotoka iliuzwa dola 851 kwa wafanyabiashara, ikashushwa hadi dola 266 Julai mwaka ule ule. Mazabodi yake ilikuwa ya Gigabyte, ile P35 ambayo vijana wa Ulaya na Marekani wa wakati ule waliipenda kama sisi tunavyopenda chipsi mayai. Waliipenda kwa sababu moja: ilikuwa inakubali kuovakloki, yaani kuilazimisha prosesa ikimbie kuliko kasi iliyoandikwa mgongoni mwake.

Nami sijawahi kuovakloki kitu chochote maishani. Nimesomea uandishi wa habari, siyo umeme. Nikampigia fundi mmoja ambaye ndiye hututengenezea mashine pale ofisini. Akacheka. "Bro, hiyo utaiunguza. Na ukiiunguza umepata nini? Kitu chenyewe kimekufa."

Angalieni mantiki hiyo. Kimekufa, lakini nisikiguse kisije kikafa.

Nikaigusa. Kwanza nilitoa vumbi, na simaanishi vumbi la kupuliza. Lilikuwa limeshonana kama zulia kati ya feni na lile bamba la kupoozea. Pesti iliyokuwa juu ya prosesa ilikuwa imekauka ikawa chaki. Nikasafisha kwa spiriti, nikapaka pesti mpya, nikabadili feni. Kabla ya usafi, nikiipa kazi nzito joto lilifika nyuzi 68. Baada ya usafi, kazi ile ile, nyuzi 54. Hapo sijaovakloki bado. Ni brashi tu. Ni mashine ngapi mjini zimeitwa nzee na hazijawahi kuonjeshwa brashi?

Baadaye ndiyo hesabu, na hesabu yenyewe ni ya darasa la nne. Mazabodi inatoa kasi ya msingi, megahezi 266. Prosesa ina kizidisho, 9. Zidisha, unapata 2,400, ndiyo ile gigahezi 2.4. Kizidisho Intel wamekifunga kiwandani, huwezi kukipandisha. Lakini kasi ya msingi iko kwa mazabodi. Ukiiweka 333, mara 9, unapata gigahezi 3.0. Robo nzima ya kasi, bila kutoa hata senti.

Nikaingia kwenye BIOS, nikabonyeza Ctrl na F1 ili ile mipangilio iliyofichwa ijitokeze, nikaandika 333, nikahifadhi. Skrini ikawa nyeusi. Feni zikazunguka, zikasimama, zikazunguka, zikasimama. Ilikuwa saa saba usiku na niliisikia sauti ya yule fundi kama yuko chumbani.

Kosa lilikuwa langu, na nalieleza ili wewe usilifanye. RAM nayo ina kizidisho chake kinachotegemea kasi ile ile ya msingi. Yangu ilikuwa imewekwa 2.5, kwa 266 inakuwa 667, ambayo ndiyo kasi ya RAM zile. Nilipopandisha msingi hadi 333 nikaisahau RAM, ikajikuta inasukumwa hadi zaidi ya 830. Ikakataa, na ilikuwa na haki. Nikachomoa umeme, nikatoa ile betri ndogo ya duara, nikasubiri, nikarudisha. Mashine ikawaka kama hakuna kilichotokea. Nikashusha kizidisho cha RAM kuwa 2.0, nikarudi 333. Ikawaka. Gigahezi 3.0.

Haikutulia mara moja. Baada ya dakika ishirini za Prime95 kokwa moja ilikosea hesabu, nikaongeza volti kidogo, kutoka 1.25 hadi 1.30. Ikakaa usiku kucha bila kosa, joto nyuzi 65. Kwa hesabu, ukiongeza kasi robo na volti kiasi hicho, umeme unaoliwa na prosesa unapanda kama theluthi moja, kwa sababu volti inahesabiwa mara mbili. Siwafichi. LUKU itajua.

Sasa nifike kwenye ugomvi wenyewe.

Julai 2007, mwezi ule ule Q6600 iliposhushwa hadi dola 266, Intel walitoa prosesa nyingine iliyoitwa Core 2 Extreme QX6850. Kokwa nne. Familia ile ile ya silikoni. Kasi ya msingi 333, mara 9, gigahezi 3.0. Bei dola 999.

Soma tena namba hizo. 333 mara 9. Ndiyo niliyoiandika mimi saa saba usiku kwenye mashine iliyokuwa imebeba ndoo.

Najua watakachosema wahandisi, na wana hoja. Prosesa zinazotoka kiwandani hazilingani hata zikitoka kwenye sahani moja ya silikoni. Zinapimwa, zinapangwa kwa madaraja, na iliyouzwa kama 3.0 imethibitishwa kuwa itafika 3.0 kwa volti fulani na joto fulani kwa miaka mingi. Ya kwangu haikuahidiwa hivyo. Nyingine ingegoma. Pia ile ya dola 999 ilikuja na kizidisho kilichofunguliwa. Sawa. Lakini bei ikizidi mara tatu na nusu, usiniambie ni gharama ya upimaji peke yake. Ile namba iliyoandikwa juu ya chuma ni ahadi ya muuzaji, na sehemu nyingine ya namba hiyo ni mkakati wa soko. Siyo maumbile ya chuma.

Wenyewe wanajua. Mwaka 1998 walitoa Celeron 300A, prosesa ya bei nafuu ya megahezi 300. Kizidisho 4.5, msingi 66. Watu wakaiweka msingi 100, ikawa 450, sawa na kasi ya Pentium II iliyouzwa ghali kuliko hiyo mara kadhaa. Wakajifunza. Mwaka 2010 wakajaribu kitu ambacho ningekiita kichekesho kama kisingekuwa kweli: prosesa ya Pentium G6951 iliyouzwa ikiwa na uwezo fulani umezimwa ndani yake, na kadi ya dola 50 ya kukwangua upate namba ya kuuwasha. Kama vocha! Umenunua nyumba, chumba kimoja kimefungwa, ufunguo unauzwa dukani. Kelele zikawa nyingi, mwaka uliofuata wakaachana nayo. Lakini Januari 2011 walishaleta dawa ya kudumu: kasi ya msingi ikafungwa pamoja na kila kitu ili isiguswe, na wanaotaka kuovakloki wakaambiwa wanunue prosesa yenye herufi K. Mwishoni mwa 2015 baadhi ya watengeneza mazabodi wakapata njia ya kuzifungua zisizo na K. Mapema 2016 masasisho ya BIOS yakaiziba njia hiyo.

Usije ukanielewa vibaya, siwaambii muwachukie Intel. Nimechapa makala hii kwenye prosesa yao. Ninachosema ni kwamba mtu anayeuza uwezo kwa vipande ana kila sababu ya kukufanya uamini kuwa kipande ulichopewa ndicho chote. Na sisi huku, tunaonunua mitumba ya ofisi za Ulaya, tunaimeza imani hiyo kwa kijiko kikubwa kuliko wenye mali. Wao angalau walikuwa na dhamana ya kupoteza. Dhamana ya Q6600 ilikwisha zamani sana. Tunamwogopa nani?

Hofu ya kugusa chuma chako mwenyewe ni kitu tulichofundishwa. Tulifundishwa kwenye maabara ya kompyuta ya shule, ile yenye mapazia na bango la "Vua viatu", ambapo mwalimu alikuwa na ufunguo na sisi tulikuwa na daftari la kuchora panya na kibodi. Ndiyo maana mhitimu wa chuo kikuu leo anaweza kukutajia bei ya simu mpya hadi rangi zake, lakini umwambie afungue kifuniko cha kompyuta yake anakimbia.

Na wenye kazi ya kuuliza maswali, yaani mimi na wenzangu, tunatafsiri matangazo. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki, na kilichorekodiwa kuwa kimerejelezwa vizuri ni asilimia 22 tu. Tunaliandika hilo kila Siku ya Mazingira kwa uchungu mkubwa. Ukurasa wa pili tunamwambia mama wa steshenari mashine yake imekufa.

Haya, na ukweli mwingine ili nisije nikauza na mimi vocha yangu. Kuovakloki hakuigeuzi Q6600 kuwa mashine ya leo. Windows 11 za toleo la 24H2 hazitawaka humo kabisa, kwa sababu prosesa haina amri fulani zinazohitajika, na hakuna megahezi itakayoziongeza. Mimi nimeweka Linux Mint na LibreOffice. Kwa kazi ya kuchapa, SSD ndogo niliyoifunga ilileta tofauti kubwa kuliko ile robo ya kasi. Kasi niliiona nilipobana video ya mahojiano: dakika 50 zikawa 41. Na kama mashine yako ina pawa sapulai ya bei chee isiyo na uzito hata wa kopo la maziwa, usijaribu. Prosesa ikipata joto kupita kiasi inajipunguza kasi, ikizidi inajizima. Volti nyingi na pawa sapulai mbovu ndivyo vinavyoua.

Jumamosi iliyopita niliirudisha kwa mwenyewe. Akaiangalia kama mtu aliyerudishiwa kuku aliyemchinja. "Haitalipuka?" Nikamwambia hapana mama. Ila kile kibanda chake kina bati bila dari, saa nane mchana ni tanuri, kwa hiyo nimeishusha: msingi 300, mara 9, gigahezi 2.7, volti zile zile za kiwandani. Inatosha, na haipigi kelele. Kijana wake tayari anaitumia kuchapa CV za watu.

Kwenye kikoba amebakiza marejesho matatu. Nilimwambia mhariri nataka kuandika masahihisho ya ile habari ya Oktoba, akasema imeshapita, nimletee ya simu mpya. Basi masahihisho ndiyo haya.