Kivu na Ituri: kusomea ufamasia ni vema, lakini diploma italindwa na nani?

Kila mwaka matokeo ya Exetat yanapotoka, wazazi wa Bukavu, Goma, Butembo na Bunia wanaanza kuhesabu: uza ng'ombe, chukua zamu ya likelemba, mtoto aingie chuo kikuu. Wengi wanataja udaktari. Wengine wanasema ufamasia, wakiamini kwamba mwenye diploma hiyo hatakosa kazi, kwa kuwa famasi ziko kila kona. Hesabu hiyo ina kasoro.

Njia yenyewe inajulikana. Kijana aliyesoma biolojia na kemia katika sekondari ana msingi mzuri zaidi. Katika Kivu ya Kusini, Chuo Kikuu cha Serikali cha Bukavu (UOB) kina kitivo cha udaktari na famasia. Wengine wanaenda mbali, Kinshasa au Lubumbashi. Masomo hayapungui miaka mitano, na ndani yake kuna mafunzo ya kazi. Asichanganywe na msaidizi wa famasi wa kiwango cha A2, anayetoka katika shule za ufundi wa afya, ITM. Kazi yake ina maana, lakini siyo mfamasia.

Kisha mhitimu anarudi mtaani na kukuta nini? Famasi nyingi zinaendeshwa na wauzaji ambao hawakusoma dawa hata siku moja. Dawa ya kuua vijidudu inauzwa vidonge viwili, vitatu, kadiri ya franga alizonazo mgonjwa. Tena kuna wafamasia wanaokodisha jina: diploma inatundikwa ukutani, mwenyewe haonekani. Anayefanya hivyo anapata pesa kidogo, lakini anamfungia mlango mdogo wake anayemaliza masomo leo. Tajiri gani atalipa mshahara wa mfamasia, ikiwa karatasi peke yake inatosha?

Hili siyo jambo la ajira tu. Ikumbukwe kilichotokea Ituri kuanzia mwisho wa mwaka 2014. Mamia ya watu walifika hospitalini shingo na uso vimekakamaa, na kwanza ilidhaniwa ni ugonjwa wa uti wa mgongo. Vipimo vya maabara vilionyesha ukweli: vidonge walivyomeza viliandikwa diazepam, lakini ndani yake kulikuwa haloperidol, dawa ya wagonjwa wa akili. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa onyo. Miaka miwili baadaye, shirika hilo lilisema kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, dawa 1 kati ya 10 ni ya bandia au haina ubora.

Siyo kwamba sheria haipo. Agizo la Machi 15, 1933, la wakati wa Wabeljiji, linahusu kazi ya famasia. Kuna pia sheria ya afya ya umma ya Desemba 2018, na mamlaka ya kusimamia dawa, ACOREP, iliyoundwa 2020. Kinachokosa ni ukaguzi. Makao makuu ya ACOREP yako Kinshasa, wakati Goma na Bukavu ziko mikononi mwa AFC/M23 tangu Januari na Februari 2025. Katika hali hiyo, nani atafunga famasi isiyo na mfamasia?

Kwa hiyo kijana anayejiandaa afanye mambo matatu. Kwanza, kabla ya kulipa hata dola moja, ahakikishe kwamba shule inatambuliwa na serikali. Pili, asifikirie famasi ya mtaani peke yake. Hospitali, bohari za dawa kama ASRAMES ya Goma, mashirika ya misaada na maabara vinahitaji wafamasia. Bukavu yenyewe inajua Pharmakina, iliyotoa kinini kutoka magome ya miti iliyopandwa huku Kivu. Tatu, akisha kupata diploma, asiikodishe.

Wenye mamlaka nao, wawe wa upande gani, wana deni kwa mgonjwa. Mzazi aliyeuza ng'ombe anastahili kuona mtoto wake akisimama nyuma ya meza ya famasi. Na mama anayenunua dawa ya malaria saa mbili usiku anastahili kumkuta pale mtu anayejua anachompa.