Usiishie kusema 'Nashukuru, daktari'

Mama mmoja alikuwa akitoka wodini kwetu na mtoto wake aliyelazwa kwa nimonia. Nilimuuliza kama ameridhika na huduma. "Nashukuru sana daktari, Mungu awabariki," akajibu. Nikamuuliza tena, "Umeelezwa ni dalili gani ukiziona umrudishe mtoto haraka?" Akanyamaza. Hakuna aliyemwambia, nami nikiwamo, kuwa mtoto akianza kupumua kwa kasi au akishindwa kunyonya asisubiri kesho.

Ndipo nilipotambua kuwa swali la "umeridhika?" linatudanganya. Aliyepona hushukuru. Anayejua kwamba atarudi hospitali ileile huogopa kulalamika.

Marekani, tangu mwaka 2006, hospitali zimekuwa zikitumia dodoso moja la kitaifa kwa watu wazima waliolazwa. Matokeo ya kila hospitali yalianza kutangazwa hadharani mwaka 2008. Mgonjwa hutafutwa akiwa ameshatoka, kuanzia saa 48 baada ya kuruhusiwa, na huulizwa mambo yaliyotokea. Wauguzi walikusikiliza kwa makini mara ngapi? Kabla ya kupewa dawa mpya, ulielezwa ni ya nini? Ulipewa maandishi ya dalili za kuangalia nyumbani? Kwa maswali mengi, majibu ni kamwe, wakati mwingine, mara nyingi au kila mara.

Ni kweli, mgonjwa hawezi kujua kama kipimo cha dawa kilikuwa sahihi. Hilo hukaguliwa kwa njia nyingine. Lakini aliyeita muuguzi saa nane usiku ndiye anayejua kama aliitikiwa.

Kwa hiyo, kabla hujaondoka wodini, uliza: Dawa hii ni ya nini? Naitumia vipi? Dalili gani zinirudishe? Nirudi lini kliniki? Mzazi, uliza kwa niaba ya mtoto, maana yeye hawezi kujisemea.

Ukiandika kwenye sanduku la maoni, usiandike "huduma nzuri" au "huduma mbovu" tu. Taja wodi, siku, saa na kilichotokea. Palipo pazuri pia pataje, ili paendelezwe.

Nasi madaktari tusifurahie shukrani tukadhani tumemaliza kazi. Yule mama alishukuru, huku akikaribia kuondoka bila kujua dalili za hatari kwa mwanawe.